Darubini nyepesi ya bunduki kwa mawindo ya mbali: gramu zipi tupunguze, zipi tusiguse?

Kasapa308 (Lubumbashi) · #1

Bayaya, jambo yenu. Bunduki ni CZ 550 ya .308, tupu ina kilo 3.3. Juu yake kuna darubini ya 6-24x50 (inakuza mara 6 mpaka 24, kioo cha mbele mm 50), bomba la mm 30, pete za chuma. Ukiongeza mkanda na risasi nne, mizani inavuka kilo 4.5, na kuibeba toka asubuhi mpaka jioni ni adhabu. Vibali viko sawa, cha silaha na cha kuwinda. Wanyama ni swala pala, tohe, ngiri, mara moja moja pofu. Nusu ya kazi iko ndani ya miombo, nusu ukingoni mwa dambo (bonde wazi la majani) ambako mnyama anaweza kusimama mita 250, 300, hata 350.

Nataka darubini isiyozidi gramu 500. Nikishusha uzito ninapoteza nini? Kuna wanaosema bila kukuza mara 20 hupigi kitu mita 300. Risasi ninayotumia ni ya greni 165.

MzeeWaDambo · #2

Wanaosema hivyo hawajapiga hesabu. Darubini inayokuza mara 10 inakuletea mnyama wa mita 300 kama yuko mita 30. Bega la swala pala mita 30, nani asiyeliona? Eneo la kuua pale ni kama sm 20 hivi, na kwa mara 10 unaliona vizuri kabisa. Zaidi ya hapo unakuza vitu viwili usivyovihitaji: mtetemo wa mikono yako na mawimbi ya joto. Kiangazi, saa sita mchana juu ya dambo lililoungua moto, ukipita mara 12 picha inachemka kama maji ya ugali.

Sasa uzito unatoka wapi. Kwanza kioo cha mbele. Vioo vya mm 56 vilitengenezwa kwa ajili ya Wazungu wanaokaa juu ya vibanda vya miti wakisubiri nguruwe mwitu kwenye jioni ndefu za kaskazini, tena mpaka mwezi unapowaka. Huku kwetu jua likizama, dakika ishirini na kitu baadaye ni giza, basi. Gawanya upana wa kioo cha mbele kwa ukuzaji, utapata upana wa mwanga unaofika jichoni: mm 40 kwa mara 8 ni mm 5. Mboni ya mtu wa miaka hamsini haifunguki sana kupita hapo hata gizani. Ukiona jioni inaingia, shusha ukuzaji mpaka mara 6, mwanga unarudi. Hiyo mm 56 utaibeba bure.

Pili ni bomba. Mm 34 linakupa nafasi kubwa ya kupandisha msalaba (mistari ya kulengea ndani ya darubini) kwa watu wa mita 1,000 na zaidi. Kwa mita 350 bomba la inchi moja, yaani mm 25.4, linatosha na linabaki. Tatu ni upana wa ukuzaji: darubini inayotoka 3 mpaka 10 ina vioo vichache na vidogo kuliko ya 5 mpaka 25. Nne ni taa ya msalaba, betri na kifundo chake.

Uone tofauti ilivyo, kwa makadirio: Swarovski Z3 3-10x42 ni gramu 360. Leupold VX-3HD 3.5-10x40 haifiki 400. Swarovski Z5 3.5-18x44 ni kama 450. Vortex Razor HD LHT 3-15x42 ni kama 540. Halafu geukia upande wa pili: Leupold Mark 5HD 3.6-18x44 ni kama 740, na Vortex Razor HD Gen II 4.5-27x56 inakaribia kilo moja na gramu 400. Hiyo ya mwisho ni nzuri sana, lakini ni ya mtu anayelala chini na kushuka kwenye gari.

Jambo wengi wanalisahau: angalia namba ndogo kabla ya namba kubwa. Darubini yako inaanzia mara 6. Ndani ya miombo, ngiri akitokea mita 30, kwa mara 6 unaona upana wa mita moja na nusu hivi tu, na nusu yake ni majani. Kwa mara 3 unaona kama mita tatu. Wanyama wanaopotea juu ya darubini yenye nguvu mno karibu ni wengi kuliko wanaopotea juu ya darubini dhaifu mbali.

Likasi_Mil · #3

Mzee, kwa heshima, kwenye uzito nakubali, kwenye 3-10 sikubali yote. Mita 350 na .308 siyo kulenga tu na kufyatua. Ukiweka sifuri (umbali ambako risasi inagonga pale msalaba unapolenga) mita 100 na risasi hiyo inayotoka kwa mita 800 hivi kwa sekunde, mita 300 inashuka karibu nusu mita, mita 400 inapita mita moja. Kwa mil (mil moja ni sm 10 kwa mita 100) ni kama 1.6 na 2.7. Kubahatisha "juu kidogo ya mgongo" ndiko kunakovunja miguu ya wanyama.

Ninachopendekeza ni msalaba wenye alama za mil, na uwe kwenye fokasi ya kwanza, ili alama zikue pamoja na picha. Kwenye fokasi ya pili alama ni za kweli kwenye ukuzaji mmoja tu, kwa kawaida ule wa juu kabisa. Ukiwa nusu yake, alama ya mil 1 inakuwa mil 2. Mtu anashusha ukuzaji juu ya jua kali, anasahau, anashika alama ya mil 2, risasi inapita juu ya mgongo. Ile LHT ya 4.5-22x50 ina fokasi ya kwanza na ni kama gramu 615. Gramu 115 juu ya bajeti ya Kasapa, ila hatahitaji kupiga hesabu porini.

MzeeWaDambo · #4

Likasi, hesabu zako ni safi. Lakini weka hiyo fokasi ya kwanza kwenye 4.5 chini ya kivuli cha miti uone msalaba unavyokuwa uzi wa buibui. Utahitaji taa, na taa ni gramu tena. Na namba ndogo imepanda kutoka 3 mpaka 4.5.

Kwa matumizi yake kuna njia rahisi zaidi: sifuri mita 200. Risasi hiyo itakuwa juu sm 6 au 7 mita 100, itakata mstari mita 200, na mita 230 bado iko ndani ya kiganja. Mpaka hapo unalenga katikati ya bega bila kufikiri. Mita 300 inashuka kama sm 28, yaani mil 0.9. Hilo ndilo tendo moja tu la kukumbuka, na kifundo cha kupandisha msalaba chenye kufuli kinalimaliza: kliki tisa za mil 0.1, funga, piga, rudisha. Msalaba unabaki mnene na mtupu.

Halafu upepo. Upepo wa pembeni wa km 10 kwa saa, ule unaotikisa majani tu bila kutikisa matawi, unaisukuma risasi hiyo sm 13 hivi mita 300. Eneo lako ni sm 20, sm 10 kila upande wa katikati. Umeshatoka. Hakuna kioo cha bei yoyote kinachokusomea upepo wa ng'ambo ya dambo. Ndiyo maana kwa .308 mita 300 ni ukuta wa watu wengi, na 350 ni ya siku ya utulivu kamili na bunduki iliyolala juu ya mfuko.

RuashiMoja · #5

Nikumbushe moja kwa vijana wanaosoma: "uwanda wazi" haimaanishi popote. Kundelungu na Upemba ni mbuga za taifa, hakuna kuwinda humo, kibali au bila kibali. Sheria ya uwindaji ni ile namba 82-002 ya tarehe 28 Mei 1982. Mengine endeleeni.

FundiVise (Kampemba) · #6

Mnazungumza vioo, hakuna aliyegusa pete. Darubini nyingi "mbovu" hazina ubovu, zimefungwa vibaya. Na zile nyepesi ndizo zinazoumia haraka, kwa sababu sehemu ya wepesi wake imetoka kwenye ukuta mwembamba wa bomba.

CZ 550 haina mashimo ya kufungia reli kama Remington 700. Juu ya risiva (mwili wa bunduki) kuna mikia ya njiwa, yaani kingo za kukamatia pete, ya mm 19 iliyochongwa kiwandani, pete zinakamata hapo moja kwa moja. Kwa hiyo usinunue pete za Weaver wala Picatinny, ambazo ni za reli, na usiruhusu mtu akutobolee risiva. Kutokuwa na reli ni faida, umeokoa gramu bila kulipa. Chukua pete za alumini za mm 19. Za chuma zinaweza kuwa na uzito mara mbili. Pete zenye pini ya kuzuia, hakikisha pini imekaa kwenye mfereji wake kabla ya kukaza, la sivyo pete inapanda juu ya pini na bomba linapinda.

Urefu wa pete: kioo cha mm 40 au 42 kinakubali pete za chini. Ila CZ nyingi zina kilengeo cha chuma juu ya mtutu. Weka darubini bila kukaza, pitisha karata mbili za kuchezea chini ya kioo cha mbele. Zikikwama, panda pete za kati. Kioo kikigusa mtutu au kilengeo, kila risasi inakigonga na kundi la matundu linatawanyika, utalaumu risasi. Fungua na funga bolti pia. Mkono wake usiguse kioo cha jicho.

Kazi yenyewe: safisha nyuso zote kwa alkoholi, pamoja na ndani ya pete. Mafuta yaliyobaki ndiyo yanayofanya bomba liteleze. Funga nusu za chini, laza darubini, weka vifuniko vya juu bila kukaza. Weka ukuzaji wa juu kabisa, kwa sababu hapo nafasi ya jicho ni finyu zaidi. Funga macho, leta bunduki begani, fungua. Picha lazima iwe mviringo kamili bila kivuli. Rudia ukiwa umelala, kwa sababu kichwa husogea mbele. Ukiona umebakiza chini ya sm 8.5 kati ya kioo na nyusi zako, sogeza mbele. Bunduki ikishapungua gramu 500 inapiga teke zaidi, siyo chini, na ukingo wa kioo unapasua ngozi.

Sawazisha msalaba kwa uzi wenye jiwe, ulioning'inizwa mita 30 au 40. Usiamini jicho. Ukipinda nyuzi 3 na ukapandisha mil 2.7, mita 400 risasi inakwenda karibu sm 6 pembeni, na utasema ni upepo.

Halafu kaza kwa mpishano, kona kwa kona, robo zamu kila skrubu, nafasi ya pande mbili za pete ibaki sawa. Mwisho wa skrubu za juu ni Nm 1.7 mpaka 2.0. Siyo zaidi. Ukipita hapo bomba jembamba linabonyea. Dalili yake ya kwanza ni pete ya ukuzaji kuwa ngumu kuzungusha. Gundi ya skrubu usiweke kwenye vifuniko vya juu: inalainisha uzi wa skrubu, kipimo kilekile kinakandamiza zaidi, umebonyeza bomba bila kujua.

YayaKatuba · #7

Mukubwa, na asiye na kle dinamometriki (ufunguo wa kupima nguvu ya kukaza)?

FundiVise · #8

Shika ufunguo wa Torx kwa mkono wake mfupi, vidole viwili na kidole gumba, kaza mpaka vidole vinaanza kuuma. Siyo kiganja. Kisha chora mstari mwembamba wa rangi ya kucha toka kwenye pete mpaka kwenye bomba. Baada ya risasi kumi angalia. Mstari ukikatika, darubini imeteleza. Hapo pia ndipo wepesi unalipa: teke la bunduki linavuta darubini kwa kadiri ya uzito wake, kwa hiyo ya gramu 400 inazisumbua pete chini ya nusu ya ile ya gramu 900.

Kipushi_Optiki · #9

Paralaksi (msalaba kuonekana unahama juu ya mnyama ukisogeza jicho) haijatajwa. Darubini nyepesi nyingi hazina kifundo cha pembeni cha kuirekebisha. Kiwanda kimeifunga umbali mmoja, mara nyingi karibu mita 100 au 150. Watu wanaikimbia bure. Kosa kubwa kabisa ni nusu ya upana wa kioo cha mbele, zidisha kwa tofauti ya umbali, gawanya kwa umbali uliofungwa. Kioo cha mm 40 kilichofungwa mita 150, mnyama mita 300: mm 20 zidisha 150 gawa 150, sm 2. Tena hiyo ni pale jicho limekaa kwenye ukingo kabisa wa picha. Jicho likiwa katikati kosa ni karibu sifuri. Kwa mita 300 acha kifundo hicho dukani. Kwa 600, kichukue.

Kinachopaswa kukuogopesha ni kifundo cha kupandisha kisichosema kweli. Kipime hivi: karatasi ya urefu wa mita 1.2, mstari wima uliosawazishwa kwa uzi, umbali mita 100 zilizopimwa kwa futikamba, siyo kwa hatua. Piga tatu ukilenga alama ya chini. Pandisha mil 5, piga tatu ukilenga palepale pa kwanza. Katikati ya kundi la kwanza na la pili lazima iwe sm 50. Ukipata 48, kifundo kinakula asilimia 4. Kwa mita 300 hutaisikia, kwa 600 umekosa. Rudisha mil 5, piga tatu tena: likirudi mahali pengine, rudisha darubini kwa muuzaji. Hilo la kutorudi ni baya kuliko la asilimia.

Na bidhaa za kuiga. Ziko nyingi, zina jina kubwa na kisanduku kizuri. Kabla ya kulipa iweke kwenye mizani ya jikoni. Kiwanda kinaandika uzito. Ikizidi au kupungua gramu 60, siyo yenyewe. Zungusha kifundo ukisikiliza, kliki ya kweli ina ukingo, ya kuiga ni kama kuzungusha kizibo cha chupa. Namba ya mfululizo mwulize mtengenezaji kwa barua pepe.

Kuagiza Marekani kwa posta usidanganyike: darubini za bunduki ziko chini ya udhibiti wa usafirishaji wa silaha, duka la kweli litakudai leseni. Anayekwambia "nitaandika ni kamera" anakutafutia kesi.

Kasapa308 · #10

Asanteni sana. Nimeamua 3-10x42, fokasi ya pili, msalaba mtupu, kifundo chenye kufuli, pete za alumini za mm 19. Darubini 360 na pete 120 hivi, jumla 480. Swali la sifuri: niliyoiona ina kliki za robo MOA (kipimo kingine cha pembe, siyo mil). Kundi likiwa chini sm 9 mita 100, ni kliki tisa juu, siyo? Kliki moja sm 1.

Likasi_Mil · #11

Hapana. Sm 1 mita 100 ni kliki ya mil 0.1. MOA moja ni mm 29 mita 100, robo yake ni mm 7.3. Sm 9 ni kliki 12. Ukipiga tisa unabaki sm 2.5 chini, na hiyo kwa mita 300 inakuwa sm 7 kabla ya upepo. Zile kliki tisa za Mzee (mil 0.9) kwako zinakuwa 12 pia, kwa sababu mil moja ni MOA 3.44. Andika kwenye utepe, bandika kwenye kitako.

MzeeWaDambo · #12

Likasi kanisahihisha vizuri, nilidhani tunaongea mil wote.

Sifuri uianze karibu. Toa bolti, weka bunduki kwenye mifuko ya mchanga, angalia kwa ndani ya mtutu alama ya mita 25, kisha leta msalaba hapohapo bila kusogeza bunduki. Kabla ya hayo yote geuza kioo cha jicho ukiangalia mbingu mpaka msalaba uwe mkali mara moja unapofungua jicho. Ukikodoa kwa muda jicho linajirekebisha lenyewe na kukudanganya. Piga moja mita 25. Pale kliki ya robo MOA inasogeza mm 1.8 tu, kwa hiyo usishangae kuzungusha nyingi. Ukishaingia, nenda mita 100, piga tatu, tafuta katikati ya kundi, usifuate tundu moja. Mtutu mwembamba ukipata moto unatembea, acha dakika tano au zaidi kati ya makundi. Weka kundi sm 6.5 juu mita 100, halafu lazima uthibitishe mita 200 na 300 kwa risasi. Jedwali la kisanduku limeandikwa kwa usawa wa bahari. Lubumbashi iko mita 1,200 hivi juu, hewa ni nyepesi, risasi yako itashuka pungufu kidogo kuliko ilivyoandikwa.

FundiVise · #13

Na usisahau: darubini uliyochagua ina bomba la mm 25.4. Pete zako za zamani ni za mm 30. Usizijaze utepe wala kipande cha bati ili zikamate. Mwambie muuzaji namba zote mbili, 19 chini, 25.4 juu, kabla hujatoa hela.